Mambo ya kukagua kabla mashine pepe hazijaomba anwani

Jumamosi moja hapa Ngamiani, Tanga, nilikuwa nafundisha vijana kuendesha seva za Linux ndani ya mashine pepe, yaani kompyuta zinazoigizwa na programu ndani ya kompyuta moja halisi. Kijana akafungua faili kwenye mashine ya kwanza, alipoingia tena hakuliona. "Mwalimu, limefutika!" Halikufutika. Mashine zake mbili zilipewa anwani moja ya mtandao (IP), naye mara anaingia hii, mara ile. Asubuhi yote ikaishia hapo, na walikuwa wamelipa nauli kuja. Tangu siku hiyo nakagua kila kitu usiku wa kuamkia darasa.

Naanza na mgawaji wa anwani, yaani programu ya DHCP inayozipa mashine anwani zinapoomba. Ukitumia KVM na libvirt (programu za Linux za kuendesha mashine pepe), anayegawa ni programu ya dnsmasq kwenye daraja liitwalo virbr0, yaani swichi ya programu inayounganisha mashine hizo. Kwa kawaida daraja lenyewe hushika 192.168.122.1, na mashine hupewa kuanzia 192.168.122.2 hadi 254. Andika `sudo virsh net-list --all`. Mtandao uitwao default ukiwa "inactive" (umezimwa), uwashe kwa `sudo virsh net-start default`, halafu `sudo virsh net-autostart default`. Hiyo ya pili usiiache: umeme ukikatika na kompyuta ikawaka upya, mtandao utajiwasha wenyewe.

Kilichotuponza sisi ni nakala. Nilitengeneza mashine moja nzuri ya Ubuntu, nikainakili. Namba za MAC, zinazotambulisha kadi za mtandao, zilikuwa tofauti, nikaridhika. Kumbe systemd-networkd, programu inayoomba anwani ndani ya Ubuntu, haijitambulishi kwa MAC, hujitambulisha kwa kitambulisho kinachotokana na `/etc/machine-id`, na faili hilo lilinakiliwa pamoja na mengine. Kwa mgawaji, wale ni mtu mmoja. Kwa hiyo, kabla ya kunakili, ingia kwenye mashine ya mfano, andika `sudo truncate -s 0 /etc/machine-id`, kisha izime. Kila nakala itajitengenezea kitambulisho chake ikiwaka.

Mashine ikikosa anwani kabisa, usibahatishe. Sikiliza daraja: `sudo tcpdump -n -i virbr0 port 67 or port 68`. Maombi yakionekana yanatoka 0.0.0.0 (yaani mashine bado haina anwani) na hakuna jibu, tatizo liko kwa mwenyeji, kompyuta inayobeba mashine pepe: dnsmasq haifanyi kazi, au fayawoli (ukuta wa ulinzi wa mtandao) imezuia mlango wa UDP 67, unaopokea maombi hayo. Kama fayawoli yako ni ufw, ruhusu kwa `sudo ufw allow in on virbr0`. Pasipoonekana ombi lolote, rudi ndani ya mashine. Mara nyingi faili la netplan, lenye mipangilio ya mtandao ya Ubuntu, limeandikwa jina la kadi ens3 wakati kadi yenyewe inaitwa enp1s0.

Ukitaka anwani zitoke kwenye ruta ya ukumbi, beba kebo ya mtandao. Daraja la kawaida halipiti kwenye Wi-Fi.

Mwisho washa mashine zote kwa pamoja, uandike `sudo virsh net-dhcp-leases default`, uhesabu mistari. Mashine tatu, mistari mitatu, anwani tatu tofauti. Pungufu ya hapo, usilale bado.