Plastiki ya wanga wa muhogo, jikoni mwako

Wanga ni polima, yaani mnyororo wa vipande vidogo vinavyofanana: hapa ni glukosi (aina ya sukari) nyingi zilizoungana, na kila kipande, yaani glukosi moja, ni monoma. Mfano wake ni koja la asumini, ila hapa hakuna uzi. Kila ua limeshika jirani yake.

Hatua ya 1. Chukua kilo 1 ya muhogo mbichi (soko la Kongowea, Mombasa, haukosekani). Menya, osha, ukwaruze kama karoti. Tia maji lita 2, kamua kwa kitambaa safi, acha yatulie saa 3. Mwaga maji ya juu, anika wanga uliotuama. Maji hayo yasinywewe na mtu wala mifugo, kwani muhogo mbichi una sumu ya sayanidi.

Hatua ya 2. Sufuria ikiwa baridi, changanya wanga gramu 10, maji mililita 60, siki nyeupe mililita 5 na gliserini ya duka la dawa mililita 4. Vunja madonge yote kabla ya kuwasha moto. Siki hukata baadhi ya minyororo yenye matawi, nayo gliserini huingia katikati isibanane.

Hatua ya 3. Moto mdogo, mwiko usisimame. Kwenye nyuzijoto 60 hadi 70 chembe za wanga huvimba na kupasuka, na uji mweupe unaanza kung'aa. Endelea dakika 3 zaidi. Wengi huepua hapa mapema. Chembe hubaki nzima na karatasi ya plastiki utakayopata humeguka.

Hatua ya 4. Paka trei mafuta kidogo, tandaza unene wa milimita 2. Usianike juani: juu hukauka kabla ya chini, karatasi ikajikunja na kupasuka. Weka kivulini penye upepo siku 2 hadi 4. Msimu wa masika washa feni, la sivyo ukungu utaiwahi, maana glukosi ni chakula chake.

Ikivunjika kama kachri, ongeza gliserini mililita 1 mara ijayo. Ikinata, punguza, hewa ya pwani yenyewe hulainisha.

Usifungie samaki mbichi. Glukosi huvuta maji, tofauti na ethilini, monoma inayojenga polithini, plastiki ya mifuko. Makuti ya paa nayo yana glukosi hiyohiyo, lakini katika selulosi imeungwa kwa namna nyingine: minyororo imenyooka, ikashikana, mvua haiyeyushi. Karatasi yako ifungie mbegu kavu.