Kuchagua mtandao wa kuuzia picha ukiwa Lubumbashi: anza na pesa

Mdogo wangu mmoja wa Kamalondo, mpiga picha za harusi, aliniuliza: "Yaya, picha zangu niziweke wapi?" Hilo ni swali la pili. La kwanza ni hili: picha ikinunuliwa, pesa itakufikia kwa njia gani?

Hatua ya 1: Pesa

Soma ukurasa wa malipo wa kila mtandao kabla ya kufungua akaunti. Mingi hulipa kwa akaunti za pesa za mtandaoni kama PayPal, Payoneer au Skrill, kwa hiyo usitarajie pesa iingie moja kwa moja kwenye M-Pesa au Airtel Money. Akaunti inayokuruhusu kulipa si lazima ikuruhusu kupokea. Mwombe ndugu aliye nje akutumie dola chache, uzitoe mpaka uzishike mkononi, ndipo uendelee. Benki nayo iulize makato ya pesa inayotoka nje. Akaunti ya shemeji aliye Brussels isahau. Sababu iko hatua ya 3.

Hatua ya 2: Mtandao

Mimi naanza na Adobe Stock: mpiga picha hupata 33% ya bei ya picha, na unaweza kutoa pesa ukifikisha dola 25. Shutterstock huanza na 15% na hupanda hadi 40% kadiri unavyouza, lakini kila tarehe 1 Januari wote mnarudishwa chini. Kwangu hiyo inatosha kuiweka ya pili. Kwa maisha ya mji wenyewe, kama soko la mtaa wetu wa Kenya au bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya madini, na mlima wake wa takataka za shaba, nenda Alamy ya Uingereza, maana inapokea picha za habari. Usipowapa haki ya kuuza peke yao, picha ileile unaweza kuiweka kote kutatu.

SmugMug na wenzake, ambako unalipia duka lako mwenyewe la picha, ni kwa mwenye wateja nje tayari. Mteja wa harusi wa hapa mtumie kwa WhatsApp kama dokumenti, picha isibanwe, akulipe kwa simu. Na picha za asili zibaki kwenye diski yako: mtandao wa 500px ulifunga soko lake mwaka 2018.

Hatua ya 3: Jina

Hapa ndipo siku inapoishia. Fomu zina visanduku viwili, jina la kwanza na jina la ukoo. Kadi yetu ya mpiga kura ina vitatu: nom (jina la ukoo), postnom (jina linalolifuata) na prénom (jina la kwanza). Ni urithi wa 1972, rais Mobutu alipoyafuta majina ya Kikristo na postnom ikachukua nafasi yake. Ukiandika nom na prénom kwenye mtandao, kisha benki ikawa na yote matatu, majina hayalingani na malipo yanaweza kusimama.

Mwenye pasipoti atazame mistari miwili ya chini ya ukurasa wenye picha yake. Wa kwanza unaanza na P, kisha COD, kisha majina. Tuseme umeandikwa ILUNGA<KASONGO<<PIERRE. Kilicho kabla ya alama mbili << ndicho jina la ukoo, chote. Kinachofuata ndicho jina la kwanza. Andika hivyo hivyo kwenye mtandao, kwenye akaunti ya malipo na benki. Asiye na pasipoti afuate kadi yake: nom na postnom pamoja kama jina la ukoo. Usiongeze jina la utani, usifupishe postnom kwa herufi moja, na usiweke jina la studio.

Kwenye orodha ya nchi tuko wawili. Chagua ile yenye "Democratic Republic". "Congo" tupu ni Brazzaville. Wakidai namba ya posta nawe huna, wengi huandika 00000.

Kisha inakuja fomu ya kodi ya Marekani, W-8BEN. Jina liwe lilelile. Tarehe ya kuzaliwa inatanguliza mwezi: aliyezaliwa tarehe 7 mwezi wa 9 anaandika 09-07. Sehemu ya mkataba wa kodi iache wazi, kwa sababu Kongo haina mkataba huo na Marekani. Mauzo ya huko yatakatwa 30%. Usidanganywe na video za watu wa nchi nyingine wanaokatwa kidogo. Ukisaini 2025, fomu inaisha tarehe 31 Desemba 2028, ujaze tena.

Hatua ya 4: Kupakia

Faili ya JPEG, rangi za sRGB, angalau megapikseli 4, na kwa Alamy karibu 6. Maneno ya utafutaji yaandike kwa Kiingereza, yaliyo muhimu mbele: Adobe huyapa uzito zaidi yale 10 ya kwanza.

Mtu anayetambulika usoni asaini fomu ya idhini. Zipo za Kifaransa, na mtoto husainiwa na mzazi. Bila saini, picha inauzwa kama ya habari tu. Maelezo ya picha hiyo huanza na mji, nchi na tarehe iliyopigwa, halafu kinachoonekana bila sifa: mwanamke anapima mahindi sokoni. "Mwanamke jasiri wa Afrika" mwachie mnunuzi aandike mwenyewe.