Mlete kabla jino halijauma: woga wa daktari wa meno unavyomwingia mtoto wa shule

Mimi ni afisa wa afya ya kinywa hapa Nakuru, na wengi ninaowatibu ni watoto wa shule za msingi. Wazazi huniuliza kwa nini wa kwao ni mwoga hivyo na wa jirani aliketi akafungua mdomo bila neno. Tabia ya mtoto huchangia, ila si sana. Mimi huuliza mambo mengine: alifika kliniki lini kwa mara ya kwanza, alikuja na nani, na aliambiwa nini njiani.

Mwaka 1977 mwanasaikolojia Stanley Rachman alieleza kwamba woga humwingia mtu kwa njia tatu: yaliyompata mwenyewe, aliyoyaona kwa wengine, na aliyoambiwa. Kwenye benchi letu la kungojea nazikuta zote tatu zimeketi pamoja kabla ya saa tatu asubuhi.

Jino lililocheleweshwa

Mambo huenda hivi. Gego linaanza kuuma Jumatatu usiku. Jumanne ni maji ya chumvi. Jumatano jirani wa ploti anasema jaribu karafuu. Alhamisi ni tembe za dukani, mtoto anaenda shule. Jumamosi anaamka shavu limefura na jicho limeanza kujifunga, na hapo ndipo nauli ya kuja mjini inapatikana.

Sasa angalia kinachotokea kitini. Fizi yenye usaha huwa na asidi, na ganzi ikikutana na asidi hiyo haiingii vizuri kwenye neva. Mtoto anadungwa sindano, anaambiwa asubiri, halafu bado anasikia uchungu. Hajalala siku mbili. Mamake anawaza pesa. Akitoka pale, kichwa chake kimehifadhi kila kitu: taa, glavu, sauti ya mashine, na zaidi ya yote harufu. Dawa inayotumika sana kuziba jino kwa muda ina mafuta ya karafuu, karafuu ileile aliyowekewa nyumbani akilia usiku. Nimeona mvulana wa gredi ya nne akigeuka mlangoni na kukimbilia nje kabla hajamwona mtu yeyote mwenye koti jeupe. Alinusa tu.

(Ndiyo maana wakati mwingine tunatoa usaha na kukupa dawa kwanza, kisha tunakuambia urudi kung'oa. Hatukuzungushi.)

Dawa ya woga huu ni kumleta siku ambayo hakuna kinachomuuma. Likizo ya Aprili au ya Agosti inafaa. Mwambie mhudumu waziwazi, "Leo ni kuhesabu tu." Mimi humkalisha, nikapandisha kiti na kukishusha, nikampulizia hewa kwenye ukucha ili asikie ile sauti inayotisha inatoka wapi, nikampa kioo aone magego yake mwenyewe. Tunahesabu, anateremka, anaenda nyumbani. Rudia baada ya miezi sita. Mtoto aliyeketi hivyo mara kadhaa, hata akija kudungwa, ana kumbukumbu nyingine za kile kiti. Aliyeanza na usaha hana.

Kuna jino moja ninalowasihi wazazi walitazame: gego la miaka sita. Humea nyuma kabisa ya meno ya utotoni, na hakuna jino linalong'oka kulipisha, kwa hiyo wengi hudhani nalo ni la utotoni, litaota lingine. Halioti lingine. Mtoto akifika gredi ya pili au ya tatu laweza kuwa tayari limetoboka. Msimamishe mlangoni mchana penye mwanga, afungue mdomo, uhesabu kuanzia katikati. La sita kila upande ndilo hilo. Ukiona doa jeusi kwenye mifereji yake, njoo sasa, kuziba kungali kazi ndogo.

Maneno ya nyumbani

"Usipopiga mswaki daktari atakung'oa yote." "Nyamaza, ama nimwambie akudunge." Wapo wanaoyasema haya mbele yangu, nimeshika kioo mkononi. Mtoto aliyelelewa akijua mimi ni adhabu, tabasamu langu la dakika tano litamsaidia nini?

Kibaya kuliko vitisho ni uongo wa upole. Mtoto anaambiwa wanaenda mjini kununua viatu, anajikuta kliniki. Au anaambiwa, "Hutasikia chochote," kisha anasikia. Vitisho vinamfanya aniogope mimi. Uongo unamfanya asimwamini mzazi pia, na sasa hana mtu wa kushikilia mle chumbani.

Akiuliza, "Nitadungwa?" mjibu, "Sijui, daktari ataangalia kwanza. Kama ni lazima, atakuambia kabla." Ikiwa unajua jino linang'olewa, mwambie hivi: "Atakupaka dawa kwenye fizi. Utasikia kama umefinywa kidogo, halafu mdomo utakuwa mzito. Utasikia jino linasukumwasukumwa. Likiuma, inua mkono." Hapo penye kusukumwa usiparuke. Ganzi huua uchungu lakini haizuii mtu kusikia nguvu ya koleo, na mtoto asiyejua hilo huchukulia ule msukumo kuwa ndio uchungu umeanza. Na huo mkono, muulize mhudumu mapema kama atauheshimu. Ukiinuliwa mara moja akaendelea na kazi yake, hauna maana tena.

Kaka na dada wakubwa pia waitwe kando. Ni wao wanaosimulia jioni kuhusu koleo kubwa na damu ya kujaza beseni.

Na wewe mzazi, kama unaogopa daktari wa meno, usije. Sikudharau. Mtume shangazi, mjomba, nyanya, yeyote anayeweza kuketi pale akasoma gazeti. Mtoto aliyeshikwa na kiganja kinachotoka jasho haambiliki kwamba hakuna neno.

Meno ya kahawia

Nakuru tuna woga mwingine, nao unaanzia kwenye maji. Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa ina madini ya floraidi, yanayeyuka na kuingia kwenye visima, na sehemu nyingi za huku hupita kipimo cha miligramu 1.5 kwa lita kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani. Mtoto akiyanywa miaka ile meno yake yanajijenga ndani ya taya, humea yakiwa na madoa meupe kama chaki au rangi ya kahawia. Hakuna anayejali mpaka afike gredi ya nne au ya tano, wenzake waanze kumcheka.

Mtoto huyu unamjua akiketi tu. Anajibu maswali kiganja kikiwa mdomoni. Sindano yaweza isimsumbue hata kidogo, linalomsumbua ni kuambiwa afungue mdomo, maana siku alipofungua mahali pengine aliulizwa, "Kwani kwenu hampigi mswaki?" Mtu mzima akiulizwa hivyo hatarudi. Mtoto naye anatafuta sababu ya kutorudi: tumbo linauma, kuna mtihani, jino limepoa.

Kwa hivyo, kabla ya kuja, mwambie kwamba rangi ile imetoka kwenye maji na hakufanya kosa. Usimsugue kwa mkaa, mchanga wala magadi, unalimaliza jino na rangi inabaki. Kuchemsha maji nako hakupunguzi floraidi. Maji yanapungua, madini yanabaki. Kama kuna wadogo nyumbani, wape maji ya mvua yaliyotiwa dawa, au tafuta chujio la mifupa iliyochomwa, lile ambalo Dayosisi Katoliki ya Nakuru ilikuwa ikitengeneza na kusambaza. Ukifika kliniki, tangulia wewe ndani umwambie mhudumu kwa sauti ya chini asianze na habari ya rangi.

Siku yenyewe

Njoo asubuhi. Mtoto aliyengoja mpaka saa saba, akisikiliza wengine wakilia nyuma ya pazia, amekwisha kuogopa kabla sijamgusa. Mpe uji kwanza, njaa na woga haviendi pamoja. Mle ndani, sauti iwe moja. Mimi nikisema na mama akisema na nesi akisema, mtoto hamsikii yeyote. Usimwambie asilie pia. Alie, mradi mdomo uko wazi.

Akikataa kabisa, na hakuna dharura, mrudishe nyumbani mpange siku nyingine. Kumbana mikono na miguu kutang'oa jino moja na kutuharibia yote yaliyobaki. Lakini shavu likifura akawa na homa, au hawezi kumeza, au mdomo haufunguki, hapo hatungoji aache kuogopa. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Jino likishatoka, omba upewe, lioshwe, lifungwe kwenye karatasi. Watoto wetu bado wanapenda kulirusha juu ya paa, na anayetoka na jino mfukoni ana cha kuwaonyesha wenzake darasani. Nimewaona wakirudi na rafiki, wakimwelekeza kiti kilipo.

Kinachosahaulika ni ganzi baada ya kufika nyumbani. Mdomo hubaki mzito saa mbili, tatu, pengine zaidi, na mtoto hujitafuna mdomo wa chini akiona ni mchezo. Kesho yake umefura kuliko shavu la jana, na lawama zote zinakuja kwangu. Asile mpaka aseme anasikia mdomo wake, na mtu akae naye karibu akimwangalia meno yalipo.