Kabla hujajaza tangi siklidi wa Amerika ya Kati

Dukani wanauzwa wakiwa na sentimita tano, wana rangi nzuri, bei ya kawaida tu, mtu anabeba kumi na mbili kwa mpigo alafu kesho yake ndo ananipigia nije nimfungie filta. Sikilizeni basi, naandika mara moja tu.

Hawa siklidi wa Amerika ya Kati, nchi kama Nicaragua, Honduras na Costa Rica, ni wa ukoo mmoja na sato na perege wetu, wanakula, wanachimba, wanagombania eneo. Wana aina nyingi. Huyo mdogo unayemwona kama ni wa aina ya jagwa atafika sentimita 40 humo humo tangini, na aina ya dovii huko kwao anafika hadi 70. Konvikti ni mfupi lakini ukorofi wake haulingani na mwili. Meeki anatanua mashavu mekundu kutisha watu, ni mikwara tu, ukimchanganya na jagwa utaamka hana mkia. Chagua upande mmoja, wakubwa wawili watatu au kundi la wadogo. Wote kwa pamoja hapana.

Tangi la futi sita, yaani sentimita 180 kwa 60 kwa 60, linabeba karibu lita 650. Hizo ni kilo 650 za maji peke yake, bado kioo, mchanga na mawe, kwa hiyo hiyo meza ya tivii sahau. Mawe yatangulie chini kabisa ndo umwage mchanga, maana watachimba, na jiwe lililokalia mchanga litaangukia kioo. Hita ivalishwe kizuizi, Midas, siklidi mwingine wa hao wakubwa, akikasirika anaipiga mpaka inapasuka. Maji ya bomba tia dawa ya kuondoa klorini. Maji magumu ya kisima wala usihangaike nayo, hawa wanayapenda.

Samaki wasiingie siku moja na maji. Bakteria wa kwenye filta wanahitaji kama wiki nne hadi sita wazaliane, ndo waweze kugeuza amonia, sumu inayotokana na uchafu wa samaki, kuwa naitraiti alafu naitreti. Nunua vipimo vya matone, acha kupima kwa macho, amonia haina rangi. Mgeni akae karantini wiki tatu. Siku ya kumwingiza hamisha mawe yote, wenyeji wapoteze mipaka yao, wasipate cha kulinda. Na ukiona wawili wanasugua jiwe kwa midomo ujue wanataka kutaga, wengine wote watasukumiwa kona moja, kwa hiyo kioo cha kutenganisha kiwepo ndani kabla hujakihitaji.

Chakula ni pelleti za kawaida, kamba na nyungunyungu mara moja moja. Moyo wa ng'ombe achana nao, mafuta yale hayawafai, na samaki hai wa kuwalisha wanakuletea magonjwa. Kiasi ni kile wanachomaliza ndani ya dakika mbili, na siku moja kwa wiki wasile kabisa. Watakuomba. Siklidi anakufuata kioo kizima kama mpiga debe wa stendi, kaza moyo.

Sasa hiki ndicho nataka ukishike, idadi ya samaki na chakula chao vyote pimia usiku ambao umeme haupo, usipimie siku ambayo kila kitu kinazunguka. Kuna jamaa Tabata, tangi zuri, filta ya kanista ya maana, ndani kuna jagwa, Midas na siklidi wa aina ya Jack Dempsey wamebanana kidogo ila maji yalikuwa safi muda wote. Jumamosi kapata wageni, na wageni wakija kila mtu anataka kuona jagwa akimeza kamba, kwa hiyo wakarushiwa kamba mpaka matumbo yakatokeza. Usiku umeme ukakatika. Samaki aliyeshiba anatumia oksijeni nyingi kuliko mwenye njaa, na maji ya joto la Dar yenyewe hayashiki oksijeni nyingi, lakini pamoja na hayo walifika asubuhi wakiwa hai, wako juu juu wanahema. Umeme ukarudi, mwenye nyumba akashukuru Mungu, akaenda kuoga. Nilifika baadaye kidogo, lile bomba la kurudishia maji lilikuwa limetoa maji ya rangi ya chai, sebule nzima inanuka mayai viza, jagwa kalala ubavu. Alipona Jack Dempsey mmoja tu.

Giza halikuwaua. Waliuliwa na filta ilipowaka. Kanista ni ndoo iliyofungwa, maji yasipopita bakteria wanamaliza oksijeni iliyomo kisha wanakufa, uchafu unaozea humo, na umeme ukirudi pampu inawasukumia samaki ule uozo wote kwa mkupuo. Kwa hiyo umeme ukikatika zaidi ya saa moja chomoa kanista kwenye soketi, na kabla ya kuirudisha ifungue, mwaga maji yake, suuza sponji kwa maji ya tangini, yasiwe ya bomba. Nunua pampu ya hewa ya betri leo, uiunge na filta ya sponji ili bakteria wengine wabaki hai. Ukikosa kabisa, chota maji kwa jagi uyamimine kutoka juu, mkono utauma, endelea. Na msiwalishe gizani, hata siku inayofuata wapumzike.

Mengine ni akili ya kawaida. Zima hita kabla ya kupunguza maji. Waya uninginie chini ya soketi ili tone lidondoke sakafuni. Mfuniko uwe mzito, wanaruka. Ukisafiri, chakula cha kila siku kifungie kwenye vikaratasi, kopo lote ondoka nalo, anayebaki nyumbani hajui kipimo. Na wakikuzidi usiwamwage mtoni, matilapia yetu yaliingizwa Ziwa Nicaragua miaka ya 1980 na siklidi wa kule wakabanwa kwao wenyewe, sisi tusirudishe hilo deni. Muulize muuzaji kama atampokea jagwa akishakuwa mkubwa, na umuulize kabla hujatoa hela.