Kuvua tautog kwa boti ya nauli New Jersey, baada ya baridi kali

Tarehe 1 Aprili jimbo la New Jersey, Marekani, hufungua tena msimu wa samaki aitwaye tautog, na simu za manahodha wa bandari za Belmar na Point Pleasant Beach huanza kulia. Baridi ikiwa ya kawaida, unatoka na unavua. Ikiwa kali, kama ya mwaka 2015 ambapo Februari ilikuwa miongoni mwa Februari za baridi zaidi katika kumbukumbu za jimbo hilo, mambo hubadilika. Nchi kavu watu wameshavua majaketi, lakini kule chini samaki bado amezubaa. Wiki hizo ndizo ninazozipenda kuliko zote, kwa sababu anayejua anachofanya hupata samaki na asiyejua hurudi na barafu yake kwenye kasha. Mwongozo huu ni kwa anayepanda boti kwa mara ya kwanza.

Boti ya nauli haikodishwi nzima. Kila mtu hulipa kiti chake, mnasimama ubavu kwa ubavu kwenye ukingo, nahodha anatafuta mahali, mabaharia wanagawa chambo na kufungua nyuzi zilizosokotana. Samaki mwenyewe, kama umekulia Pwani na unamjua pono, huyu ni wa ukoo wa karibu naye: mdomo mnene, meno ya mbele ya kung'olea kome na kuvunjia kaa, na mengine kooni ya kusagia. Hakui haraka, na anaweza kuishi zaidi ya miaka 30. Hukaa penye mawe na vyuma: meli zilizozama, na miamba ya bandia ambayo jimbo limeitengeneza kwa kuzamisha meli, vifaru vya jeshi na hata mabehewa ya treni za chini ya ardhi za New York.

Hatua ya 1: Pima maji, usipime hewa

Fungua tovuti ya NOAA, idara ya Marekani ya bahari na hali ya hewa, utafute boya namba 44065, lililoko kwenye lango la bandari ya New York. Linaonyesha joto la maji ya juu, upepo na mawimbi. Tautog huanza kuchangamka maji yakifika kati ya nyuzi 7 na 10 za Selsiasi. Baada ya baridi ya kawaida unaweza kuyakuta hivyo wiki za mwanzo za Aprili. Baada ya baridi kali unaweza kukuta nyuzi 4 au 5, na hapo ni bora usubiri kidogo.

Jambo moja linawapotosha wengi. Dhoruba za majira ya baridi huyakoroga maji tangu juu hadi chini, hivyo mwanzoni mwa Aprili joto la boya na la chini hukaribiana. Kadiri jua linavyozidi, maji ya juu hupata joto, yanakuwa mepesi na kuelea, na yale ya baridi hubaki chini yakiwa yamefunikwa. Mwishoni mwa Aprili boya linaweza kukuonyesha nyuzi 11 huku samaki wako amelala kwenye 7. Kwa hiyo usifuate tarakimu ya siku moja. Angalia wiki mbili: kama maji yanapanda taratibu bila kurudi nyuma, nenda.

Hatua ya 2: Mpigie nahodha, na uulize maswali yenye maana

Usiulize kama samaki wapo, maana jibu unalijua. Uliza wanavua kina gani. Maji ya karibu na ufuko hupoa zaidi wakati wa baridi kuliko ya mbali, kwa hiyo baada ya baridi kali nahodha makini bado atakuwa kwenye mita 25 hadi 35, si kwenye mita 15 za karibu. Uliza chambo kipi kinaliwa. Uliza pia kama boti itatoka abiria wakiwa wachache, kwa sababu mwezi huo safari nyingi huahirishwa. Piga tena jioni ya kuamkia safari. Upepo wa magharibi hutoka nchi kavu, na karibu na pwani bahari hutulia. Wa mashariki huleta mawimbi, na nahodha akifuta safari mshukuru.

Kuhusu sheria: kwa kanuni za miaka ya karibuni, Aprili unaruhusiwa tautog 4 kwa siku, kila mmoja asipungue inchi 15, yaani sentimita 38 hivi. Kanuni hizi hubadilishwa, kwa hiyo pitia ukurasa wa idara ya samaki na wanyamapori ya jimbo kabla ya kutoka. Abiria wa boti ya nauli hahitaji kujisajili mwenyewe kama mvuvi.

Hatua ya 3: Vaa

Ndani kabisa vaa nguo ya sufu au ya kitambaa cha kukausha jasho. Pamba usivae, ikilowa inabaki imelowa. Juu yake sweta nzito, kisha ovaroli ya mvua na buti za mpira. Glavu zisizo na ncha za vidole, maana uzi lazima uuguse kwa ngozi. Dawa ya kichefuchefu imezwe usiku wa kuamkia safari, tena asubuhi kama maelekezo yake yanaruhusu. Ukisubiri tumbo lianze, umechelewa. Na usikae juu ya ukingo hata boti ikiwa imetulia. Maji yaliyo chini ya nyuzi 10 humkata mtu pumzi mara tu anapoanguka, hata awe muogeleaji hodari.

Hatua ya 4: Zana

Fimbo ya futi 7 yenye ncha laini kiasi na kiuno kigumu, rili imara, uzi wa kusokotwa unaohimili pauni 40 au 50. Mwishoni funga nailoni ya pauni 50, urefu wa mkono mmoja. Huna? Boti nyingi hukodisha kwa pesa kidogo. Chubwi ziwe za wakia 6 hadi 10, na chukua za kutosha, kwa sababu vyuma vya chini vitazila. Ndoana iwe moja tu, juu kidogo ya chubwi. Wageni hupenda kufunga tatu, na zote tatu hunasa kwenye behewa. Chubwi ifunge kwa uzi dhaifu kuliko ule mkuu, ili ikinasa ikatike yenyewe, ndoana na samaki wabaki.

Hatua ya 5: Nafasi na chambo

Fika saa moja au zaidi kabla ya kutoka, kwa sababu wazoefu hufunga fimbo zao tezi, yaani nyuma ya boti, mapema. Ukikosa tezi usihuzunike. Boti ikitiwa nanga mbili juu ya mabaki ya meli, samaki anaweza kuwa chini ya omo, yaani mbele, na mita chache tu ndizo zinazotenganisha anayevua na anayetazama. Msalimie baharia, mwambie ni mara yako ya kwanza. Atakupitia mara nyingi kuliko ukinyamaza.

Vuli chambo ni kaa. Aprili ya baridi, anza na nyama ya kombe wa baharini. Samaki aliyezubaa hana nguvu ya kuvunja gamba, lakini nyama laini yenye harufu ataionja. Kata kipande cha ukubwa wa kidole gumba, pitisha ndoana mara mbili au tatu kwenye ile sehemu ngumu inayofanana na ulimi, na uache sehemu laini ining'inie. Kipande kikubwa kitaliwa pembeni na samaki wadogo waitwao cunner, na hutamfikia unayemtaka. Maji yakishapanda, jaribu kaa wa kijani: mpasue katikati, ondoa miguu, pitisha ndoana kwenye tundu la mguu.

Hatua ya 6: Chini, na mkono

Shusha chubwi wima huku kidole gumba kikizuia rili isijisokote. Ikigusa chini, kaza uzi hadi uhisi uzito wa chubwi, kisha iache hapo hapo. Usiitingishe. Hapa ndipo wengi hukosa: kila ukiinua, unamnyang'anya samaki mvivu chakula chake, na chubwi huangukia tundu jingine la kunasa.

Sasa sikiliza kwa kidole. Miguso midogo ya haraka, tik tik tik, ni cunner; waache. Tautog kwenye maji ya joto hugonga mara mbili kwa nguvu. Kwenye maji ya nyuzi 7 hagongi hivyo. Utahisi uzi umekuwa mzito kidogo, kana kwamba kuna mtu ameegemea upande wa pili. Shusha ncha ya fimbo polepole hadi usawa wa maji, na uzito ukibaki, inua kwa nguvu moja na uzungushe rili bila kusita. Mizunguko mitano ya kwanza ndiyo kila kitu, kwa maana atarudi shimoni akipata nafasi. Akiingia, legeza uzi kabisa na usubiri dakika moja au mbili. Mara nyingi hutoka mwenyewe.

Dakika kumi bila kuguswa, badilisha chambo hata kama kipo. Harufu huisha.

Hatua ya 7: Juu

Mwite baharia alete wavu. Usimnyanyue samaki mzito kwa fimbo. Mpime papo hapo. Aliyepungua arudishwe majini mara moja, na mimi huwarudisha pia majike makubwa, kwa sababu mkubwa mmoja hutaga mayai mengi kuliko wadogo kadhaa. Wa kubaki mkate matamvua, mwache damu imtoke kwenye ndoo, kisha mfunike kwa barafu.

Mkirudi gatini, mpe baharia bakshishi ya asilimia 15 hadi 20 ya nauli, hata kama hukupata kitu. Akikutolea minofu, mwambie aondoe na ngozi, ni ngumu mno. Nyama yake nyeupe haivunjiki kwenye mchuzi wa nazi, kwa hiyo itie mapema kidogo kuliko ya samaki changu.