Kuusaka mvumo wa umeme kwa spektrogramu

Spektrogramu huigeuza sauti kuwa picha: muda unakwenda kushoto kuelekea kulia, masafa (idadi ya mitetemo kwa sekunde, yaani Hz) yanapanda kutoka chini, na penye rangi kali ndipo penye nguvu. Katika studio ndogo za Kampala, kazi yake ya kwanza ni kuufichua mvumo wa umeme ambao spika ndogo haziutoi.

Kabla mpigaji hajaanza, rekodi sekunde 10 za kimya, vifaa vyote vikiwa vimewashwa. Fungua faili kwenye Audacity, programu ya bure, kisha geuza mwonekano wa traki uwe spektrogramu. Kwenye mipangilio weka ukubwa wa dirisha (kipande cha sauti kinachopimwa kwa pamoja, kwa hesabu ya sampuli) 32768 na kikomo cha juu 1000 Hz. Ukiona mistari myembamba imelala kwenye 50, 100, 150 na 200 Hz bila kukatika, huo ni umeme. Mafunzo mengi ya Marekani hutaja 60 kwa sababu umeme wao ni wa 60. Wa Uganda ni 50.

Usikimbilie kufuta. Chomoa chaja ya laptopu, urekodi tena kwa betri. Mistari ikipotea, chanzo umekipata. Isipopotea, chomeka vifaa vyote kwenye ekstensheni moja, maana vikigawana soketi za mbali umeme huzunguka kupitia waya za ethi (za usalama, ziendazo ardhini), na tenga waya wa maikrofoni na waya za umeme. Pini ya ethi usiing'oe kamwe: mvumo utanyamaza, lakini mtu anaweza kufa.

Rekodi isipoweza kurudiwa, tumia kichujio chembamba cha 50 Hz, Q (kipimo cha wembamba wake) iwe 30, kisha 100 na 150. Hapa ndipo wengi huharibu. Noti ya G ya chini kwenye gitaa la besi ni 49 Hz, na ya oktavu inayofuata ni 98. Kichujio kipana hula besi pamoja na mvumo. Kwenye picha vitofautishe kwa mwenendo: noti huanza ghafla na kufifia, mvumo haupumziki.

Dirisha lile kubwa la 32768 halifai kwa amadinda, marimba ya mbao ya Uganda. Kwa sampuli 44100 kwa sekunde, 32768 ni karibu robo tatu ya sekunde, hivyo mapigo ya wachezaji wanaopokezana huungana yakawa ukungu. Shusha hadi 1024, kama milisekunde 23, na kila pigo litasimama kama mstari wima. Masafa ya chini yatafifia, kwa hiyo nakili traki, moja iwe na dirisha kubwa na nyingine dogo.

Mstari unaopanda na kushuka kwa mkunjo ni bodaboda inayopita nje. Kichujio cha masafa mamoja hakiishiki, kwani inahama kila dereva anapoongeza mwendo. Subiri ipite, mrudie kipande hicho.