Kiwango cha Ketoni Kinapopanda na Kushuka: Mwongozo kwa Anayefuata Lishe ya Keto Dodoma

Kijiti cha kupimia ketoni kwenye mkojo kilichogeuka zambarau katika wiki ya kwanza ya lishe ya keto, yaani ya wanga kidogo sana na mafuta mengi, kinaweza kuonyesha rangi hafifu tu katika wiki ya tano, hata kama mlaji hajagusa ugali, wali wala chapati. Wengi wanapoona hivyo huchukua moja ya hatua mbili: hujinyima chakula zaidi ili rangi irudi, au huiacha lishe wakiamini kwamba mwili umegoma. Mara nyingi hatua zote mbili hazina msingi. Mwongozo huu unaeleza kwa nini kiwango cha ketoni, yaani nishati ambayo ini huitengeneza kutokana na mafuta, hubadilika, namna ya kukipima kwa utaratibu, na mabadiliko yapi yanadai hatua.

Wasiopaswa kuanza bila daktari

Mwenye kisukari cha aina ya kwanza, mjamzito, anayenyonyesha, mwenye ugonjwa wa figo na aliyewahi kuugua kongosho wasiingie kwenye lishe hii kwa ushauri wa jirani au wa video. Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari kama glibenklamidi anaweza kushukwa na sukari kwa hatari ndani ya siku chache, kwa sababu dozi yake ilipangwa kwa mtu anayekula wanga. Anayetumia dawa nyingine za kisukari, dapagliflozini au empagliflozini, yuko katika hatari nyingine iliyojificha zaidi, kwani dawa hizo zinaweza kuleta tindikali ya ketoni, yaani ketoni kuzidi hadi damu kuwa na asidi kwa kiwango cha hatari, huku sukari ikisomeka karibu na kawaida, hivyo mashine ya kupimia sukari haitamwonya. Dawa za shinikizo la damu nazo huenda zikahitaji kupunguzwa dozi. Kwa mkazi wa Dodoma, daktari wa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au wa Hospitali ya Benjamin Mkapa ndiye wa kuzungumza naye kwanza, na azungumze naye kabla ya kubadili sahani, si baada ya kuanza kutetemeka.

Ketoni hutoka wapi na huenda wapi

Ini la mtu mzima huhifadhi takriban gramu 100 za wanga, na misuli huhifadhi karibu gramu 400. Mtu anapopunguza wanga hadi kati ya gramu 20 na 50 kwa siku, akiba ya ini hupungua sana ndani ya siku moja au mbili, insulini hushuka, mafuta yaliyohifadhiwa mwilini huachiliwa kuingia kwenye damu, na ini huanza kuyageuza sehemu yake kuwa ketoni. Ini lenyewe haliwezi kuzitumia ketoni hizo, kwa kuwa halina kimeng'enya kinachohitajika; huzitengeneza kwa ajili ya ubongo, moyo, misuli na figo. Ubongo, ambao kwa kawaida hutumia takriban gramu 120 za glukosi kwa siku, hauwezi kuchoma asidi za mafuta kwa kiasi cha kutosha, na mwaka 1967 watafiti wa Marekani, George Cahill akiwa miongoni mwao, walionyesha kwamba mtu aliyefunga kula kwa wiki kadhaa hupata sehemu kubwa ya nishati ya ubongo kutoka kwenye ketoni.

Kwa hiyo namba inayosomwa kwenye kipimo ni tofauti kati ya ketoni zinazotengenezwa na zinazotumika. Aliyezoea mgao wa maji anajua kwamba kina cha maji ndani ya tanki hakisemi ni ndoo ngapi zimeingia tangu asubuhi. Tanki linaweza kuwa nusu kwa sababu maji hayaji, au kwa sababu yanakuja na nyumba nzima inayatumia. Kusoma ketoni bila kukumbuka upande wa matumizi ndiko kunakowapotosha watu wengi.

Vipimo vitatu, ketoni tatu

Ketoni ziko za aina tatu, na kila kipimo hushika yake. Vijiti vya mkojo hupima asetoasetati iliyomwagwa nje na figo, mashine ya damu hupima beta-haidroksibutireti inayozunguka mwilini, na kifaa cha pumzi hupima asetoni, ambayo ndiyo inayoleta ile harufu ya kiondoa rangi ya kucha kinywani katika siku za mwanzo. Vipimo hivi visipokubaliana, si lazima kimojawapo kiwe kibovu.

Katika siku za mwanzo figo hupoteza ketoni nyingi, na ndiyo maana kijiti hung'aa. Wiki zinavyopita, figo hujifunza kuzirudisha kwenye damu badala ya kuzimwaga, na wakati huohuo sehemu kubwa zaidi ya ketoni huwa katika umbo la beta-haidroksibutireti, ambalo kijiti cha mkojo hakilioni. Mtu anaweza basi kuwa na milimoli 1.2 kwa lita kwenye damu huku kijiti kikibaki karibu na rangi yake ya awali. Ongeza hapo maji: aliyekunywa lita nzima muda mfupi kabla ya kupima ataona rangi hafifu, na aliyeshinda juani Chamwino bila kunywa kitu ataona rangi nzito, ingawa damu zao zinaweza kuwa sawa. Kwa maoni yangu, vijiti vya mkojo vinafaa kwa wiki mbili tatu za kwanza, kujibu swali moja tu la kama mwili umeanza kutengeneza ketoni. Baada ya hapo kuvinunua tena ni kupoteza fedha.

Anayevitumia ahakikishe kifuniko cha chupa kinafungwa mara moja kila anapotoa kijiti, kwa sababu unyevu na hewa huviharibu vikaanza kutoa majibu hasi ya uongo. Asome rangi kwa sekunde zilizoandikwa kwenye chupa, asisubiri iendelee kukolea.

Namna ya kupima na kuandika

Anayeweza kupata mashine ya damu na asomee milimoli kwa lita. Mtu anayekula wanga wa kawaida huwa chini ya 0.5, na mara nyingi chini ya 0.3. Kati ya 0.5 na 3.0 ndiyo hali inayokusudiwa na lishe hii, na hakuna zawadi ya ziada kwa aliye na 2.5 kuliko aliye na 0.8. Ketoni hutokana pia na mafuta yaliyo kwenye sahani, si ya kiunoni peke yake, hivyo anayemimina mafuta ya nazi kwenye kila chakula anaweza kupandisha namba bila kupungua hata kidogo. Wagonjwa wa kifafa wanaotibiwa kwa lishe hii, iliyopendekezwa na Russell Wilder wa Mayo Clinic mwaka 1921, hulengwa viwango vya juu zaidi kwa sababu yao, nao husimamiwa na wataalamu.

Jambo la msingi ni kupima saa ileile. Ketoni kwa watu wengi huwa chini zaidi asubuhi, wakati homoni za kuamka, hasa kotisoli, zinapoliamuru ini litoe sukari, kisha hupanda kuelekea alasiri na jioni. Anayepima Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi na Alhamisi saa kumi na moja jioni hajapima mabadiliko ya mwili wake. Amepima tofauti ya saa. Chagua wakati mmoja, kwa mfano kabla ya chakula cha jioni, pima mara mbili au tatu kwa wiki, na andika kwenye daftari namba, chakula cha mwisho, kazi au mazoezi ya siku hiyo, usingizi wa usiku uliopita na ugonjwa kama upo. Mazoezi hasa yaandikwe, kwa kuwa huweza kushusha ketoni yanapoendelea, misuli inapozitumia, kisha zikapanda saa chache baadaye.

Wiki kwa wiki

Siku mbili hadi nne za mwanzo ndizo za kichwa kuuma, uchovu na hasira. Kila gramu ya wanga uliohifadhiwa hushikilia takriban gramu tatu za maji, hivyo akiba inapoisha maji hayo huondoka, nayo ndiyo kilo ya kwanza au ya pili inayowafurahisha watu kwenye mizani. Insulini iliyoshuka pia huzifanya figo zimwage chumvi. Katika ukame wa Dodoma, ambako jasho hukauka kabla mtu hajaliona, upungufu wa chumvi na maji huweza kuja bila mtu kutambua, na kizunguzungu cha kusimama ghafla ndicho dalili yake ya kawaida. Bakuli la supu ya mbuzi yenye chumvi asubuhi hufanya kazi nzuri hapa kuliko chupa tatu za maji matupu. Mwenye shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo au wa figo asiongeze chumvi kabla ya kuuliza.

Wiki ya pili hadi ya sita mwili hujenga uwezo wa kuchoma mafuta. Misuli, ambayo mwanzoni ilikuwa ikizigombea ketoni, huanza kupendelea asidi za mafuta moja kwa moja na kuuachia ubongo ketoni. Pumzi ya kazi hurudi, lakini si kwa siku moja: katika utafiti wa Stephen Phinney uliochapishwa mwaka 1983, waendesha baiskeli watano waliozoea mazoezi walikaa kwenye lishe hii wiki nne, na mwishoni uwezo wao wa kustahimili mwendo mrefu ulikuwa umebaki karibu na ule wa mwanzo. Nguvu za mbio za ghafla ni suala jingine, kwani hizo hutegemea wanga. Mtu anayepandisha baiskeli yenye mizigo asitarajie wepesi uleule katika wiki ya pili.

Namba ikishuka

Kabla ya kujilaumu, pitia daftari. Kama kilichoshuka ni rangi ya mkojo peke yake na damu iko juu ya 0.5, hakuna la kufanya. Kama damu nayo imeshuka chini ya 0.5 kwa vipimo kadhaa vya saa ileile, tafuta wanga uliojipenyeza, na hapa kwetu una milango yake. Unga wa mahindi, wa mtama na wa uwele yote ni takriban robo tatu wanga kwa uzito. Sifa njema za uwele hazibadilishi hesabu hiyo, na tonge chache za ugali hutosha kumaliza kiasi cha siku. Gramu 100 za zabibu zina takriban gramu 17 za sukari, na msimu wa zabibu Dodoma hakuna anayekula punje tatu. Glasi ya maziwa ina gramu 12 hivi. Ubuyu wa rangi umepikwa kwa sukari. Karanga zina wanga kiasi, na anayezitafuna mchana kutwa hufika mbali bila kujua. Mlenda, mchicha, mnavu, mayai, kuku wa kienyeji, perege wa Mtera na nyama choma ya mnadani Msalato havina shida. Tatizo la nyama choma ni ndizi inayoletwa pembeni.

Sababu nyingine za kushuka ni usingizi mbaya, maambukizi na baadhi ya dawa, zikiwemo za jamii ya prednisoloni, ambazo hupandisha sukari. Dawa za daktari hazisimamishwi kwa ajili ya ketoni.

Namba ikipanda

Kupanda hadi 2 au 3 baada ya kufunga au baada ya kazi nzito ni kawaida. Pombe inastahili tahadhari ya peke yake: divai kavu ina sukari kidogo, lakini pombe hulizuia ini kutengeneza glukosi na huweza kupandisha ketoni, hivyo mtu wa keto hulewa haraka na anaweza kushukwa na sukari usiku. Divai tamu huongeza sukari juu ya hayo yote.

Namba inayozidi 3 kwa mwenye kisukari, au kwa yeyote anayetapika, anayeumwa tumbo, anayepumua kwa kasi na kwa kina, mwenye kiu isiyokatika au aliyechanganyikiwa, ni dharura. Aende hospitali saa hiyohiyo na ataje lishe anayofuata pamoja na dawa zote anazotumia, hata kama sukari yake inasomeka vizuri.

Sukari ya asubuhi

Baada ya miezi kadhaa baadhi ya watu hukuta sukari ya kabla ya kula imepanda kidogo. Misuli iliyozoea mafuta huikataa glukosi ili ubongo uipate, na sukari hiyo ya asubuhi mara nyingi huenda pamoja na insulini ya chini. Usijihukumu kwa namba hiyo moja. Kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu, kinachofanyika maabara, husema zaidi. Ukitakiwa kufanya kipimo cha kunywa glukosi, mweleze daktari unafuata lishe gani, kwa kuwa kwa kawaida mtu hutakiwa kula angalau gramu 150 za wanga kwa siku kwa siku tatu kabla yake, la sivyo jibu linaweza kuonyesha kisukari ambacho hakipo.